Mama Niyo, Fundi wa Madirisha ya Panya

Nianze kwa kusema kwamba mimi sipendi panya. Nimefanya nao kazi miaka sita na bado siwapendi. Wananuka, wanakojoa kila wanapokanyaga, na ukimshika mmoja vibaya anakung'ata halafu anakutazama kana kwamba mwenye makosa ni wewe. Watu wa kwetu Rusimbi wananiambia, "Pastory, una kazi ya maana, unapambana na kansa." Nipambane na kansa mimi? Mimi napiga picha panya. Napiga kwa hadubini ya bei mbaya, sawa, lakini ni picha za panya.

Huyu ninayetaka kuwasimulia alikuwa anawapenda, na balaa lote lilianzia hapo.

Jina lake Rozalia Ininahazwe. Ukimuulizia kwa jina hilo hapa mjini watu watakukodolea macho. Muulizie Mama Niyo, fundi cherehani wa sokoni Mwanga, utapelekwa mpaka kibandani kwake. Niyo ni bintiye, Niyokwizera, anayesoma ualimu Kasulu. Mama Niyo mwenyewe ni mfupi, mnene wa wastani, ana sauti ya kuamrisha na miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikulia kambini, akajifunza cherehani huko huko kambini, akaolewa, akafiwa, akaja mjini na mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Miaka ishirini na mbili alishona sare za shule na magauni ya harusi pale Mwanga. Mteja akigombana naye juu ya mkono wa gauni hakukawia kumkumbusha kwamba yeye ni mkimbizi. Naye hakukawia kujibu: "Ndiyo, mimi nilikimbia vita. Wewe unakimbia nini, sabuni?"

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye maabara ya saratani? Subirini, nitafika.

Kituo chetu kiko Bangwe, kwenye mwinuko, ziwa liko chini yetu. Kazi yenyewe ni hivi. Tunachukua panya mweupe, tunampandikizia kwenye ini chembe za saratani. Chembe hizo zimetengenezwa ili zikimulikwa kwa taa maalum ziwake nyekundu. Zamani, ukitaka kujua uvimbe umefikia wapi, ulikuwa unamuua panya na kumpasua. Kesho unaua mwingine. Sisi tunamwekea dirisha tumboni. Sitanii. Ni kipete cha chuma chepesi, upana wake kama kifungo cha koti, katikati kina kioo. Panya analazwa kwa gesi ya usingizi, mimi naweka hadubini juu ya kioo, na hapo naliona ini lake likiwa hai: damu inakimbia kwenye vimishipa, chembe za saratani zinatambaa, zinajipenyeza, zinakaa. Kesho kutwa namrudia yule yule. Wiki ijayo yule yule. Akiamka anakwenda zake kula kana kwamba hakuna aliyemchungulia.

Tabu ilikuwa kushona. Kile kipete kina mfereji unaokizunguka pembeni, na ngozi ya tumbo inatakiwa iingie ndani ya mfereji ikazwe sawasawa pande zote. Ukilegeza, dirisha linavuja. Ukikaza mno, ngozi inakufa. Mshonaji nilikuwa mimi, na nilikuwa nashona kama mtu anayefunga gunia la mkaa. Katika kila panya kumi, sita walivuja.

Bosi wetu, Daktari Dainess, alikuwa ananitazama na kuandika. Huyo ni mwanamke mwembamba wa Kibondo, umri wake arobaini na kidogo, hachekicheki. Akikasirika hapandishi sauti, anaishusha, nawe unalazimika kusogea karibu ili usikie unavyotukanwa. Siku moja alipeleka makoti yetu meupe kwa Mama Niyo yakashonwe mifuko iliyofumuka. Mama Niyo akakuta kipete ndani ya mfuko mmoja. Daktari alipokwenda kuyachukua makoti, akaulizwa hicho ni nini. Daktari, kwa kuwa alikuwa amechoka nadhani, akamweleza kila kitu, mpaka habari ya kuvuja.

Mama Niyo alicheka akashika mbavu. "Mana yanje, Mungu wangu! Mwanangu, huo si ni mshono wa kaptula ya kamba? Unapitisha uzi kuzunguka duara lote, ndani nje, ndani nje, halafu unavuta unakaza mara moja. Wewe na wenzako mmesoma miaka mingapi?"

Daktari hakukasirika. Wiki iliyofuata Mama Niyo alikuwa Bangwe. Alifundishwa miezi mitatu, alishona ngozi ya kuku mpaka mlinzi akaanza kutuuliza tunafungua hoteli lini, alifanya mtihani, akapewa cheti cha kugusa wanyama wa utafiti. Katika madirisha arobaini ya kwanza aliyoshona halikuvuja hata moja. Mimi nilipewa kazi ya kumwandalia uzi. Niliumia, msidhani sikuumia.

Na alikuwa na maneno! Akimshona panya anamsemesha. "Tulia, bibi harusi, tunapima kiuno." Aliwajua mmoja mmoja kama wateja wake wa Mwanga: huyu mwoga, huyu mlafi, huyu analala upande wa kushoto. Kwake hawakuwa namba tu. Kila mmoja alikuwa mgonjwa wa mtu. Nilimkanya nikamwambia hapa si wodini. Akaniambia, "Wewe Pastory ulizaliwa na mama au uliokotwa kwenye kasha la vifaa?"

Lakini ile kazi aliipenda, tena sana. Asubuhi alikuwa anafika kabla ya mlinzi kumaliza chai. Siku moja nilimsikia akizungumza na Niyo kwenye simu, hakujua kwamba niko nyuma yake. "Mwanangu," alisema, "hapa ni mahali pa kwanza tangu nizaliwe wameniuliza najua nini kabla ya kuniuliza nimetoka wapi. Hapa watanitoa nikiwa maiti." Nilijifanya natafuta glavu.

Sasa ile kanuni. Daktari Dainess ana kanuni nyingi, ila moja ameiandika kwa wino mwekundu na kuibandika mlangoni kwa panya: ASIYE NA RUHUSA ASIWAPE WANYAMA CHAKULA CHOCHOTE. ATAKAYEFANYA HIVYO KAZI YAKE IMEISHA SIKU HIYO HIYO. Si mchezo. Mlinzi wa kabla ya huyu alimmegea panya andazi, kipande kama ukucha, akakabidhi tochi kabla jua halijafika utosini. Panya wa utafiti wanakula chakula kimoja tu, vidonge vikavu vya rangi ya udongo vinavyotoka mbali kwenye mifuko. Vidonge asubuhi, vidonge jioni, vidonge Krismasi.

Mama Niyo hakuvipenda tangu siku ya kwanza. Alichukua kimoja akakinusa, akakiuma. "Kila siku hivi hivi?" Nikamwambia ndiyo. "Na wagonjwa?" Nikamwambia wote ni wagonjwa, Mama Niyo, ndiyo kazi yao. Akakirudisha kwenye ndoo, hakusema neno. Ningekuwa mtu wa akili ningeuogopa ule ukimya.

Mwaka jana tulianza jaribio kubwa. Panya ishirini na wanne, wote na madirisha, wote na uvimbe kwenye ini. Kumi na wawili walipata dawa mpya. Ilikuwa dawa ya namba tu, jina haijapata. Kumi na wawili walipata maji yenye chumvi, ili tulinganishe. Dawa ile ilikuwa kali. Wiki ya pili wale wa dawa wakaanza kukonda. Mgongo ukachomoza, manyoya yakasimama, vidonge vikalala kwenye sahani kama vilivyowekwa. Tulitarajia hivyo, niliandika "wamepungua uzito," nikaenda kula samaki wangu, mgebuka.

Wiki ya nne nikawapiga picha wote. Jamani, nilichokiona! Wale wa maji ya chumvi, uvimbe umekua kama kawaida, mapande mekundu kwenye ini. Nilipofika kwa wale wa dawa, nilidhani nimebonyeza kitufe kibaya. Wekundu ulikuwa kila mahali. Kwenye matumbo yaliyolala chini ya ini, pembeni mwa dirisha, hata kwenye manyoya. Panya mzima anawaka. Nilikagua mashine mara mbili, mashine nzima.

Hapo ndipo Pastory msomi alipojaa kichwa. Nilimwita Daktari, nikasimama wima, nikamwambia, "Imesambaa. Dawa haijaizuia saratani, imeifungulia mlango." Daktari alizitazama picha moja moja. Miaka minne ya maisha yake ilikuwa kwenye ile dawa. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaniambia niandike. Nikaandika, nikatia sahihi: kuenea kwa saratani mwili mzima, bila shaka yoyote. Maneno hayo "bila shaka yoyote" niliyaongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Jumanne Daktari akatuita. Alisema jaribio linafungwa. Ijumaa wale kumi na wawili wa dawa watalazwa usingizi wasioamka, tuwapasue, tuandike, tuwaarifu washirika wetu kwamba dawa hii ni hatari na isiguswe tena. Mama Niyo aliinamisha kichwa muda wote. Nilidhani anasinzia.

Jumatano adhuhuri nilikwenda kula, nikafika getini nikakumbuka chaja ya simu. Nikarudi. Mlango wa chumba cha panya ulikuwa umerudishwa nusu. Nikachungulia.

Mama Niyo alikuwa amekaa kwenye stuli, amevaa glavu, koti, barakoa, kila kitu kama kanuni inavyotaka. Mkononi ana kikopo cha mafuta ya kujipaka, kimeoshwa safi. Kidoleni amevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha mafundi. Anachota kwenye kikopo kwa ile kastabini, anasawazisha kwa kidole kingine, anamimina mbele ya panya. Mmoja, mmoja. Na wale panya waliokataa chakula wiki mbili walikuwa wanakula kwa pupa, wanapandana migongoni.

Harufu ilinifikia kabla sijauliza. Sombe. Kisamvu cha kwetu, sombe ya mawese, iliyotwangwa ikalainika, iliyopikwa asubuhi ile.

"Mama Niyo!"

Hakushtuka hata kidogo. "Funga mlango, unaingiza vumbi."

"Umeanza lini?"

"Walipoanza kukonda. Wiki mbili sasa."

"Wote?"

"Hawa tu. Wale wengine wanakula vizuri, niwape cha nini?"

 Nikamwambia, mama, unajua kilichoandikwa hapo mlangoni? Akasema anajua kusoma, asante. Nikamuuliza sasa kwa nini. Akaweka kikopo chini, akanitazama juu ya miwani.

"Sisi kambini tulikuwa tunapewa mahindi na mbaazi za njano. Kila siku. Wenye mizani walisema vinatosha, na kwenye karatasi zao vilitosha. Tulikonda. Mama yangu akawa anakwenda kwenye mashamba ya Waha kuomba majani ya muhogo, anatwanga, anachanganya kidogo kidogo kwenye kile chakula cha karatasi. Ndiyo maana unaniona. Kwetu mgonjwa akikataa chakula humwachi na sahani yake ukaenda zako. Unampelekea isombe. Na hawa mmewahukumu kufa Ijumaa, nisiwape hata la mwisho?"

Mimi nilikuwa sisikilizi tena habari za kambi. Kichwani mwangu kuna kitu kilikuwa kinagonga. Majani. Kijani. Darasa la tano, mwalimu wetu wa sayansi na chaki yake: umbijani. Halafu chuoni, mwaka wa pili, mhadhiri anasema majani mabichi kwa yaliyopikwa, ukiyamulika kwa taa kali, umbijani unarudisha mwanga mwekundu, na ndiyo maana panya wa kupigwa picha hawalishwi majani. Niliandika kwenye daftari. Nilipigia mstari!

Nikampokonya kikopo. Nikachota tone la sombe, nikaliweka chini ya hadubini, nikawasha ile taa. Lile tone likawaka jekundu kama kaa la moto.

Nilikaa chini sakafuni. Mama Niyo alinifuata, akainama kwenye kioo cha kompyuta, akatazama. Si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo ule wekundu uliousema wewe..."

"Ni sombe."

"Siyo kansa."

"Sijui kansa iko wapi! Imefunikwa na sombe yako! Matumbo yamejaa sombe, wamejipaka sombe kwenye manyoya, sioni kitu!"

"Basi hujui kama dawa imeshindwa."

"Sijui."

"Lakini uliandika bila shaka yoyote."

Nilimchukia dakika ile. Nawaambia ukweli, nilimchukia, kwa sababu alikuwa anasema kweli na pua yake ilikuwa na alama ya barakoa.

Nikaanza kusuka mpango. Nasuka vizuri sana nikiogopa. Nikamwambia, tusiseme. Leo unaacha sombe. Mimi namwambia Daktari kwamba kuna kichujio cha taa kimeharibika, namwomba asogeze Ijumaa kwa wiki moja. Tumbo la panya linasafika siku chache tu. Napiga picha upya, wekundu wa uongo umeondoka, tunaona uvimbe wenyewe. Wewe unabaki na kazi yako, mimi nabaki na heshima yangu, panya wanabaki na roho zao. Nani ameumia?

Aliitazama kastabini kidoleni. Najua alikuwa anapima. Ile kazi ilikuwa kila kitu kwake, nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Akavua kastabini, akaifuta.

"Pastory, mimi nimeharibu vitambaa vya watu. Fundi gani hajaharibu? Unakata, mkasi unakwenda kombo. Unaweza kubandika mfuko juu yake, mteja akaondoka anacheka. Lakini ule mfuko utafumuka, na utafumuka siku ya harusi. Hii dawa ikija kupewa watu, hizo wiki mbili zimo ndani ya hesabu yake. Mtu atalinganisha akose kuelewa. Mficha uchi hazai."

"Atakufukuza."

"Najua atanifukuza. Kanuni si inasomeka?" Sauti ilimkatika hapo, mara moja tu. Akageuka akaanza kufuta sahani za panya, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi asubuhi aligonga mlango wa Daktari. Nilimfuata nyuma. Ningependa mwamini nilikwenda kumtetea. Nilikwenda nikitumaini atakata tamaa njiani.

Daktari alisimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, maana nitakachosema hakifai kusikilizwa umesimama."

Akasema yote. Hakulia, hakuleta habari za kambi, hakutaja huruma. Alisema: nimewapa panya wa dawa sombe kwa wiki mbili, majani yake yanawaka nyekundu kwenye taa yenu, picha zenu ni za sombe. Akaweka kikopo mezani.

Daktari Dainess alikitazama kile kikopo kwa muda mrefu sana. Halafu akavuta karatasi. "Walikula wangapi?"

"Wote kumi na wawili."

"Kiasi gani?"

"Kastabini moja kila mmoja, mchana. Isipokuwa namba tisa, huyo alikuwa hali kabisa, nilimpa moja na nusu. Namba nne siku mbili za kwanza alikataa. Namba kumi na moja alikuwa anamnyang'anya namba kumi na mbili, nikawa namshika pembeni mpaka mwenzake amalize. Jumapili zote mbili sikuja."

Akaendelea hivyo, panya kwa panya, siku kwa siku, bila daftari. Mtu aliyeweka vipimo vya nusu ya mabibi harusi wa Mwanga kichwani hashindwi na panya kumi na wawili. Daktari aliandika kurasa tatu. 

Alipomaliza akauliza, "Nani mwingine alijua?"

"Hakuna," akasema Mama Niyo.

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni.  Nilitazama kalenda ukutani, nilitazama viatu vyangu. Nikasikia sauti inasema, "Mimi. Nilijua tangu jana. Nilimshauri tufiche." Ilikuwa yangu. Nikajiona shujaa ghafla. Nikainua kidevu kabisa, nikingoja kufukuzwa pamoja naye, tushuke mlima wote wawili, watu watuimbie.

Daktari akanitazama. "Wewe uliwalisha?"

"Hapana, lakini..."

"Kanuni inasema aliyelisha. Haisemi aliyejua. Nenda kasafishe lenzi."

Nilitaka kufa shujaa, nikaachwa hai na mshahara wangu. Mama Niyo alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Daktari alimsindikiza mpaka getini kwa heshima zote, akamwita bodaboda, akamwambia, "Asante, mama." Na akamfukuza. Vyote viwili kwa pumzi moja. Nilibaki dirishani natukana peke yangu.

Ijumaa hakuuawa panya hata mmoja. Tulingoja siku kumi, vidonge vitupu, nikapiga picha upya. Ule wekundu wa matumbo ulikuwa umekwenda zake. Kwenye maini ya panya wanane uvimbe ulikuwa umenywea, umebaki vijipande vilivyotawanyika, na kwenye hadubini niliona chembe za saratani zimevimba na kupasuka moja moja. Wawili walikuwa vile vile. Wawili uvimbe ulikuwa umekua. Daktari hakushangilia. Alisema panya waliolishwa hovyo si ushahidi wa kitu, ila hii ni sababu ya kuanza upya, kwa panya wapya, kwa usafi. Halafu akaingia chooni akakaa dakika ishirini, akatoka macho mekundu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kuanza upya maana yake madirisha mapya ishirini na manne. Nikashona mimi. Sita wa kwanza, wanne wakavuja. Daktari alitazama, akaandika. Jumamosi asubuhi akachukua funguo za gari, akaniambia panda.

Tulimkuta Mama Niyo kibandani Mwanga, mguu unakanyaga, mdomoni ana pini tatu. Sare za shule zimerundikana mpaka magotini. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Daktari Dainess, daktari wa falsafa, akaambiwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kwamba foleni inaanzia kule nyuma. Akaenda kule nyuma. Tukangoja karibu saa nzima.

Tulipofika mbele, Daktari akatoa picha mbili, akazilaza juu ya meza ya kukatia. "Shikamoo, mama. Hii ni ya wiki ya nne, na hii ni ya juzi. Ni namba tisa."

Mama Niyo alitema pini. Akasogeza miwani. "Yule aliyekuwa hali?"

"Ndiye."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anakula vidonge, anagombana."

Hapo akalia. Alilia wazi mbele ya wateja, machozi yakadondokea kaptula ya mtu, na hakujificha. Mimi pia nilifikicha macho, ila kulikuwa na vumbi sokoni. Daktari alingoja. Kisha akasema kile alichokuja kusema, tena kwa sauti ya kawaida, watu wote wakasikia: "Mama, ile kanuni niliiandika mimi. Naweza kuifuta mimi. Nimekuja kukuomba urudi."

Nilimwona Mama Niyo akivuta pumzi. Uso wote ulifunguka, ukawa wa msichana. Nikajua amekubali. Ningeweka dau.

"Oya, hapana," akasema. "Usinirudishe, mwanangu. Usidhani sitaki, Mungu ananiona ninavyotaka. Lakini najijua. Nikimwona mgonjwa hali, wiki ya kwanza nitavumilia. Ya pili nitavumilia. Ya tatu nitakuja na kikopo. Na ile dawa yako ni ya watu, si ya kuchezewa na moyo wangu."

 Daktari aliinama akaiokota picha ya wiki ya nne, akaiacha ile ya juzi. "Sasa nani atanishonea?"

Mama Niyo akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akanigeukia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama anayepima kitambaa kibovu.

"Niachie huyu hapa, nimfundishe," akasema. "Huyu hana huruma. Atafaa."

 Akanisukumia stuli kwa mguu, akanipa sindano na kaptula ya mtoto wa darasa la pili, nami nikakaa nikaanza kushona.